Vidole Vinne Ndani ya Mshono

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na ukitaka kujua ufundi wake usitazame gauni kwa nje. Lipindue. Kwenye mishono ya ubavuni utakuta kitambaa kimeachwa, upana wa vidole vinne, ili mwenyewe akinenepa lifumuliwe. Humwachia hata mteja mwembamba kama ufito. "Mwili hauna mkataba na mtu," husema.

Yeye alikuwa na kilo mia moja na nane, na goti la kulia lililokwisha kazi. Cherehani yake ni ya kukanyaga, kwa hiyo goti likifa na duka limekufa. Daktari wa mifupa akakubali kumpasua, kwa sharti moja: "Mama, shuka kwanza chini ya tisini."

Akanigeukia mimi, msomi wa ukoo. Nilikuwa nimesoma diploma ya lishe, mwaka mmoja kati ya miwili. Nikamwandikia karatasi: asubuhi yai, mchana kabichi, jioni tango na maji mengi. Nikaibandika ukutani juu ya makopo ya vifungo, nikajiona profesa.

Na alipungua kweli! Miezi minne, kilo kumi na tisa. Msusi wa chumba cha jirani akambandika jina la wanamitindo.

"Modo! Kiuno hicho unakipeleka wapi?"

Shangazi alicheka huku ameshika meza, maana kizunguzungu kilikuwa hakimwachi. Mchana wa jua kali alivaa sweta. Nywele zilikatika.

"Nimeota mkate, mwanangu," aliniambia. "Mkavu, hauna hata siagi. Nikaamka nalia."

"Kaza moyo, shangazi." Ndiyo elimu niliyokuwa nayo.

Mzani uliposoma themanini na tisa, alifanya jambo ambalo fundi hafanyi. Alibana magauni yake yote sita, kisha akashika mkasi akaikata ile akiba ya ndani. Kapu likajaa vipande.

"Umekata yote?"

"Yote. Yule mnene akirudi asikute mlango wazi."

Wiki iliyofuata hospitali wakapiga simu. Mashine ya dawa ya usingizi imeharibika, foleni ni ndefu, arudi baada ya miezi minane.

Karatasi ilibaki ukutani. Kwanza mzani ukagoma kushuka, ingawa alikula kabichi ileile. Halafu ukaanza kupanda, kilo moja, kilo mbili.

"Unakula kwa kujificha," nikamwambia.

"Haki ya Mungu, nimekula majani mpaka mbuzi wananisalimia."

Lakini siku moja niliingia bila kubisha hodi, nikamkuta nyuma ya pazia la kupimia nguo, amesimama, anakula mkate. Nusu yake ilikuwa imeshakwenda. Aliniona, na mkono haukusimama.

"Modo kakamatwa!" nikasema.

Hakucheka. Alikuwa anatafuna na machozi yanamtoka.

Nikaenda kwa mwenzangu aliyemaliza ile diploma, nikamweleza. Akafungua daftari lake. Mwili ulioshindishwa njaa haujui habari za upasuaji, unachojua ni njaa. Unabana matumizi, chakula kilekile kinageuka kuwa kingi, na hamu ya kula inazidi mwezi baada ya mwezi, hata uwe na moyo wa chuma. Ndiyo maana wengi hurudi walikotoka, tena na nyongeza.

"Hii ilikuwa mwaka wa pili," akasema.

Nilimweleza shangazi. Afadhali angenitukana. Alibandua karatasi, akaikunja vizuri, akanirudishia.

Siku ya hospitali nilimsindikiza. Alipoinama kuvua viatu apande mzani, gauni likachanika ubavuni, kwapani mpaka nyonga. Hapakuwa na cha kufumua. Mia moja na kumi. Daktari akaandika kwenye faili, na shangazi, aliyezoea kusoma vipimo kutoka upande wowote wa meza, akayasoma maandishi yakiwa kichwa chini: *Hafuati masharti. Aondolewe kwenye foleni.*

Juzi alikuja mchumba wa mtu, harusi yake miezi mitatu ijayo.

"Shangazi, nishonee saizi ndogo kuliko hii yangu. Niko kwenye dayati."

Shangazi akampima alivyo, akakata, akaacha vidole sita ndani.

"Si huwa vinne?" nikauliza.

"Wewe nyamaza."

Akaanza kushona, akikanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake. Wa kulia ameunyoosha pembeni, kama mzigo wa mteja aliyesema atarudi kuuchukua.