Kitunguu Saumu cha Kinga

Muuza chakula cha kulishia samaki mtaani kwetu ni mtaalamu. Kila asubuhi hutwanga kitunguu saumu, akakichanganya na chakula, kisha akanusa vidole vyake kwa heshima kubwa. "Hii ni kinga ya asili," huwaambia wateja kwa sauti ya daktari. Gunia la chakula likilowa mvua, huongeza kitunguu mara tatu.

Jana mama mmoja mfugaji alirudi na kopo lake. "Kaka, samaki wangu wanakufa. Wamebaki thelathini tu. Ona, chakula chako kina ukungu!"

Mtaalamu aliokota punje ya kijani, akaipuliza, akatabasamu. "Ukungu gani, dada? Huo ni unga wa mlonge. Kinga maradufu!"

Kisha, kwa moyo wake mweupe, akamwongezea kopo zima bure, ili hao thelathini nao wasikose kinga.