Maji Niliyoyachemsha Mara Mbili

Mwanangu alianza kubadilika rangi siku ya tisa tangu tufike ugenini.

Zilianza kucha. Nikasema ni baridi. Ikafuata midomo, ikawa ya kijivu kama ya mtu aliyelamba majivu. Mtoto wa miezi minne aliyekuwa akiamka mtaa mzima unajua, sasa ananitazama tu, hata halii.

Naandika haya nikijisema mwenyewe. Mwenye tusi alitoe, sitamjibu.

Nyumbani nilikuwa nafanya kazi hospitali, wodi ya wazazi, chumba cha kuchemshia vifaa. Mikasi, koleo, mabakuli, vyote vilipita mikononi mwangu miaka kumi na moja. Wenzangu waliniita Mama Mvuke. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba ipo siku nitaitumbukiza na simu yake.

Yeye ndiye aliyetangulia nje, akapata kazi kwenye shamba kubwa la mboga. Mama yake akamfuata. Mimi nilikuja mwisho na mtoto, begi limejaa maziwa ya kopo, kwa sababu yangu yalikatika mtoto akiwa na wiki tatu.

Tulipewa nyumba pembeni mwa shamba. Vyumba viwili, jiko la umeme, na bomba linalotoa maji ya kisima. Maji maangavu, baridi, unayaona mpaka chini ya ndoo. Sikuyaamini hata kidogo.

Nikaweka sheria. Mtoto hanywi tone ambalo sijalichemsha mwenyewe. Nachemsha, yanapoa, nachemsha tena, ndipo yanaingia kwenye themosi.

Mama mkwe alinitazama siku ya kwanza, siku ya pili akasema, "Mwanangu, wenye watoto hapa hawawapi maji ya kisima. Wananunua ya dukani."

"Kwa sababu hawachemshi, mama."

"Labda wana sababu nyingine."

"Mama, kuchemsha ndiyo kazi iliyonilisha."

Akageukia vyombo vyake. Nikaona nimemweza.

Kila asubuhi nilikuwa nakwenda darasa la lugha, bila hilo vibali havitoki. Mtoto anabaki na bibi yake mpaka alasiri. Siku hiyo ya tisa mwalimu hakuja, nikarudi mapema.

Nikamkuta mama mkwe jikoni anamwaga maji ya themosi yangu kwenye sinki. Akachukua chupa kuukuu ya soda, haina hata karatasi, akamimina maji yake kwenye chupa ya mtoto na kukoroga maziwa.



"Mama, hayo maji gani?"

Alishtuka mpaka kijiko kikaanguka. "Ya dukani."

"Duka liko huko barabara kuu, na wewe hata salamu ya lugha yao hujui. Umeyapata wapi?"

"Nimeletewa."

"Na nani?"

"Siwezi kumtaja, mwanangu. Atafukuzwa kazi."

Nilicheka, kile kicheko kibaya. Nikamnyakua mtoto, nikampeleka dirishani, nikamwonyesha zile kucha.

"Unaziona? Unamuua mjukuu wako kwa maji mabichi."

Aliinama kuokota kijiko. Kwangu mimi, kutojibu kwake kulikuwa kukiri.

Mume wangu aliporudi alijaribu kumtetea. "Mama hawezi kufanya kitu kama hicho."

"Basi baki naye, mimi nirudi kwetu na mtoto."

Kesho yake akampandisha mama yake basi, mama akaenda kukaa kwa wifi yangu, mji wa pili. Alimbusu mtoto nyayo zote mbili. Hakuniaga, na sikutaka aniage.

Nikaacha darasa. Nikaongeza na muda. Sufuria linajaa, linachemka nusu saa, maji yanabaki nusu, ndipo roho yangu inatulia. Chupa zote sita za siku sasa nilizitengeneza mimi.

Siku ya nne tangu mama aondoke, mtoto alishindwa kunyonya chupa. Midomo ilikuwa nyeusi. Tukakimbilia zahanati.

Walipomtoa damu, haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya kahawia, kama kahawa. Daktari aliitazama, akauliza kitu haraka.

"Anauliza mtoto anakunywa maji gani," mume wangu akatafsiri.

"Mwambie ya kisima, lakini yamechemshwa. Mara mbili. Nusu saa nzima."

Nilisema kwa kujigamba. Hilo siwezi kulisahau.

Daktari aliweka kalamu mezani. Akazungumza polepole, kwa muda mrefu. Mume wangu alikuwa anasikiliza, hatafsiri.

"Anasema nini?"

Aliendelea kumtazama daktari.

"Baba Mtoto, tafsiri."

"Anasema kisima kina mbolea. Ya shambani, imezama miaka na miaka. Sisi wakubwa haitudhuru upesi, ila mtoto mchanga inamharibia damu, inashindwa kubeba hewa. Anasema kuchemsha kunaua vijidudu. Mbolea haifi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki palepale. Kwa hiyo kadiri mtu anavyo..."

Nilimalizia mwenyewe kichwani. Kadiri nilivyochemsha, ndivyo nilivyomkolezea.

Dawa ilikuwepo, lakini hospitali kubwa, mwendo wa saa mbili. Walituitia gari la wagonjwa, wakamwekea hewa. Alikata roho njiani, kichwa chake kwenye kiganja changu, mchana kweupe, magari ya watu yakitupisha.

Mama mkwe alirudi kwa ajili ya mazishi. Tulikaa chumba kimoja bila kutazamana.

Siku ya tatu baada ya mazishi mlango ukagongwa. Alikuwa dereva wa lori la shamba, ametoka safari ndefu, hana habari yoyote. Amebeba dumu la maji, kubwa, limefungwa bado, lina lebo ya dukani. Akamwambia mume wangu kitu huku akitabasamu.

Safari hii mume wangu alitafsiri bila kuombwa.

"Anasema hili ni dumu la pili la mama. La kwanza alimletea wiki ile mliyofika, mama akalificha kwa jirani. Haruhusiwi kubebea watu mizigo, ila mama alimwomba kwa ishara, akamshonea nguo zake zote za kazi zilizochanika. Anauliza mtoto anaendeleaje."

Chupa za mchana zilikuwa za bibi. Za usiku zilikuwa zangu. Maji yake yalikuwa yanazimua sumu yangu, na mimi ndiye niliyefanya apandishwe basi.

Nikatambaa mpaka miguuni pake.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia."

Akavuta kanga yake begani.

"Mara ya pili nilikuogopa," akasema.

Hakuna kingine alichowahi kusema juu ya jambo hili, na angenipiga ningeshukuru. Mume wangu siku hizi ananiambia ya lazima tu: funguo ziko wapi, mvua imeanza.

Wewe unayesafiri na mtoto mchanga, kuchemsha peke yake hakutoshi. Uliza maji yametoka wapi, uliza wenyeji wanawapa nini watoto wao, na usipopata jibu nunua ya dukani yanayofaa mtoto.

Na kama nyumbani mwako yupo mtu anayekuogopa kiasi cha kukusaidia kwa kujificha, mwombe radhi leo, wakati mtoto bado analia.