Karani Ambaye Hakuomba Kitu

Mwaka niliorudi Nakuru na shahada yangu, katikati ya miaka ya hamsini, baba alikuwa anastaafu kazi ya reli. Mwisho wa mwezi tulitakiwa kutoka landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, na kwingine hatukuwa nako. Tumaini letu lilikuwa nyumba ya manispaa kule lokesheni, mtaa wa Waafrika, na aliyezigawa alikuwa karani mmoja.

Mimi nilikuwa nikingojea kazi ya ualimu, kwa hiyo muda wa kuwaza nilikuwa nao, tena mwingi mno. Nilidhani ufisadi ni kitu kimoja tu: noti inayopita chini ya meza. Karani huyu hakuwahi kuomba hata senti. Hilo ndilo lililonisumbua.

Jumapili moja baada ya ibada, baba alimpelekea kuku nyumbani kwake. Mke wa karani akamtoa kuku kikapuni, akatia sukari ndani, akakirudisha, maana kwetu ni aibu mgeni kuondoka na kikapu kitupu.

"Hiyo ni hongo, baba," nikasema.

"Hongo gani inarudi na sukari?" Akacheka. "Huko chuoni hawakukufundisha kutembeleana?"

Nilikasirika. Tangu hapo nikawa naziona aina nyingine za ufisadi kila mahali. Karani aliwatanguliza waliomsalimia kwa lugha ya kwao; huo uliitwa undugu. Mzungu aliyekuwa juu yake aliwapa nyumba za mawe watu waliosifiwa na mabwana wa mashamba ya Molo. Hiyo iliitwa tabia njema. Askari wa mlango wa ofisi yao, aliyezoea kuomba sigara, ndiye peke yake aliyeitwa mla rushwa, akafukuzwa.

Siku ya mwisho ya kugawa, ilibaki nyumba moja. Mbele yetu kwenye foleni alikuwa mjane aliyeuza uji karibu na stesheni. Alifika kabla ya kila mtu, mtoto mgongoni. Karani akatoka, akaniona, uso ukamchangamka.

"Aa, msomi wetu! Mbona hukusema huyu ni mzee wako? Kesho utakuwa bwana mkubwa, usitusahau." Akampa baba ufunguo.

"Lakini huyu mama ametutangulia," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo kuliko nilivyokusudia.

"Sawa, nimpe yeye," karani akasema bila hasira. "Na mama yako atalala wapi?"

 Hakukuwa na noti hapo, wala kuku, wala undugu; palikuwa na shahada yangu tu, na sikuwa nimemwonyesha mtu. Nikiwa bado nawaza, baba alikwisha kushukuru na kuutia ufunguo mfukoni. Akatoka bila kunitazama.

Nilimfuata yule mjane nje. Nilitaka anitukane, au amtukane karani, ili angalau wawili tukubaliane kwamba kilichofanyika ni kibaya. Alikuwa anakaza nguo ya kumbebea mtoto.

"Mama, wamekuonea," nikamwambia.

Akanitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

"Usijisumbue, mwanangu. Hata mimi nina mtoto wa dada yangu, yuko shuleni, ana akili sana," akasema. "Akimaliza tu, na mimi nitakuja naye hapa."