Nilivyonunua revolva ya kale Turffontein kwa hela ya friza ya mke wangu

Wakuu wa jukwaa, habari za mapumziko.

Hili jambo nimekaa nalo wiki tatu nikiona aibu. Leo nalimwaga lilivyo, na chumvi siongezi kwa sababu lenyewe lilikuja na chumvi yake. Ombi moja tu: anayemjua mke wangu asimtumie huu uzi.

Mimi ni mtu wa Tanga, niko Johannesburg mwaka wa tisa. Nina kibanda Jules Street, Malvern. Nanunua majiko na majokofu yaliyotumika, nayatengeneza, nayauza. Kwenye kupima bei ya kitu kilichotumika nilijiona profesa kabisa.

Mke wangu Zuhura anauza sambusa za kugandisha. Ramadhani ikikaribia, akina mama wa mtaa wa Mayfair wanampigia hadi simu inachemka. Mwaka huu ana oda ya sambusa elfu moja na mia mbili, na friza yetu ikachagua wiki hiyo hiyo kufa.

(Ndiyo, fundi majokofu ana friza mbovu nyumbani, kompresa imeungua, haitengenezeki. Endeleeni kusoma.)

Zamu yake ya upatu ikatoka, randi elfu sita. Akanikabidhi zote.

"Baba Swaumu, kalete friza. Friza tu."

Hilo "tu" alilitilia mkazo. Ananijua.

Nikapata tangazo la mzee wa Turffontein, kusini mwa jiji, anayehamia kwa binti yake, anauza vyombo vya ndani. Friza kubwa, safi, elfu tatu. Huku mzee wa Kiafrikana (wale wazungu wa asili ya Kiholanzi) unamwita Oom, yaani mjomba, na huyu aliitwa Oom Faan.

Nilikwenda na jirani yangu wa kibandani, Papa Ilunga, fundi cherehani kutoka Lubumbashi. Kwa kupatana bei huyu bwana ni hatari. Tuna mtindo wetu: mmoja anakiponda kitu mpaka mwenyewe akionee aibu, mwingine anajifanya anaelekea mlangoni. Tumeshushia bei nusu ya jiji hili kwa mtindo huo.

Sasa, juu ya friza palikuwa na kasha la mbao. Oom akalifungua. Ndani, revolva. Ile bastola ya silinda ya kuzunguka, matundu sita, kongwe kuliko wote tuliokuwa mle chumbani.

Msinipigie kelele. Ilishazibwa na fundi mwenye kibali, ina cheti kabisa kwamba haiwezi kupiga tena. Ni ya kuweka kabatini, ya watu wanaokusanya vitu vya kale.

Na mimi nina mteja wa hivyo vitu, daktari wa meno. Aliwahi kuniambia akipata ya aina hiyo, kila kitu orijino, anatoa elfu tisa.

"Hii unauzaje, Oom?"

"Elfu nne."

Wakuu, akili ilihama hapo hapo. Nikaona nanunua, namuuzia daktari, narudi na friza mbili, Zuhura ananipikia wali wa nazi.

Nikamkonyeza Papa Ilunga. Akaanza kazi.

"Oom, hii imechakaa. Rangi yote imetoka."

Uso wa mzee ukachanua. "Umeona, eh? Haijawahi kupakwa upya! Ile inayong'aa ndiyo ya kuogopa, imesuguliwa." Akafikiri. "Kweli elfu nne naitupa. Iwe elfu tano."

Nikaingia mimi. "Lakini mbona imechorwachorwa namba kila mahali? Kwenye fremu, kwenye silinda..."

Mzee akachukua kioo cha kukuzia, akasoma. "Eish! Namba ni zile zile. Silinda na fremu vimetoka pamoja kiwandani. Sikuwahi kuangalia." Elfu sita.

Papa Ilunga jasho linamtoka. "Na hili kasha limejaa makaratasi ya zamani, machafu."

Ilikuwa risiti ya dukani ilikonunuliwa mara ya kwanza. Elfu saba.

Papa akanivuta pembeni. "Ndugu yangu, tunyamaze. Hii bei iko inapanda juu ya kinywa yetu!"

Nikajifanya naondoka. Oom akanifungulia mlango kwa heshima zote na kunitakia siku njema. Ikabidi nirudi mwenyewe.

Ndipo Papa, kwa adabu tu, akasema, "Ila mpini wake uko mzuri sana, Oom."

Mzee akanywea. "Huo si wake. Wa kwanza ulivunjika." Akaupangusa kwa kiganja. "Ukweli ni ukweli. Elfu tano na mia tano."

Tukatazamana. Kumbe hapa kusifia ndiko kunakoshusha!

Basi tukaisifia ile revolva kama bibi harusi. Skrubu nzuri! Kasha zuri! Mtutu umenyooka! Haikushuka hata randi, kwa sababu vingine vyote vilikuwa vyake. Papa, moto umeshamkolea, akageukia friza. "Na hii nayo mupya kabisa!"

"Unadhani?" akasema Oom. "Basi iwe elfu tatu na mia tano."

Nikajiambia mpini tu hauwezi kumrudisha daktari nyuma, nikatoa elfu tano na mia tano, nikaondoka na kasha. Mfukoni mia tano. Friza nimeiacha kwa mwenyewe.

Kasha nikalilaza kibandani, nyumbani nikasema friza inakuja kesho. Kesho yake daktari akaja kibandani. Akaimulika kwa tochi, akazungusha silinda, akaangalia kama inacheza, akalinganisha namba. Anatikisa kichwa kwa raha, mimi moyoni nanunua friza. Akafika kwenye mpini.

"Huu umebadilishwa. Kitu safi, lakini elfu nne na mia tano. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

Nikagoma kuuza kwa hasara. Siku hiyo Oom alinipigia mara tatu, sikupokea. Kwenye biashara yetu, muuzaji akikupigia baada ya kuuza anataka uongeze hela.

Jioni nikaingia nyumbani na kasha kwapani. Zuhura akalitazama.

"Friza zimekuwa ndogo hivi siku hizi?"

Akafungua. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Akahesabu matundu kwa kidole.

"Sita. Haya, sambusa sita zitalala humu. Elfu moja mia moja tisini na nne zilizobaki utaziweka wapi, Baba Swaumu?"

Simu ikaita. Oom tena. Kabla sijaizima Zuhura akaichukua, akaweka spika. Kiingereza chake ni kifupi lakini kimenyooka. Hakuuliza bei. Aliuliza, "Kwa nini uliiuza?"

Mzee akasema nyumba ya binti yake ni ndogo, ameambiwa apunguze vitu vya zamani. Akasema ule mpini aliuchonga marehemu mke wake, mezani jikoni, kwa kisu cha kumenyea viazi. Alidhani atazoea. Hajazoea. Yuko tayari kulipa hata elfu saba airudishe.

Wakuu, nisameheni. Mimi nilikuwa kwenye kochi nimenyanyua vidole vinane.

Zuhura akavitazama vidole vyangu, akanigeuzia mgongo.

"Mume wangu alitoa elfu tano na mia tano. Utarudisha hiyo hiyo. Ile friza ipo?"

Ipo.

"Ya elfu tatu?"

Mzee akacheka. "Kwako, elfu tatu."

Tukaenda asubuhi na bakkie, yaani pikapu, ya kuazima. Oom alilipokea kasha kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba juu ya mpini, akatazama dirishani. Papa Ilunga, aliyekuja kutusaidia kubeba, akatoka kwenda kufungua bakkie. Mimi nilijikuta nakagua waya wa friza, ambao haukuwa na tatizo lolote.

Tukiwa tunarudi, tumesimama kwenye robot, taa za barabarani, Zuhura akaniuliza bila kunitazama:

"Nikitangulia mimi, kibao changu cha kusukumia chapati utakiuza bei gani?"

Profesa wa bei nikabaki kuhesabu robot mpaka tukafika Malvern.

Kwa hiyo wakuu, mkitaka revolva ya kale, angalieni rangi iwe yake ya tangu zamani, namba zifanane, silinda isicheze, mpini uwe wa kwake, na cheti kiwepo. Mpelekee anayejua kabla ya kutoa hela, mimi nilimpelekea baada. Ila kabla ya yote hayo muulize mtu kwa nini anauza, halafu nyamaza umsikilize. Mimi nilijua bei ya kila kipande cha kile kitu, na ya kipande kimoja nilijua vibaya.

Njooni mnicheke, mnaruhusiwa. Aliyewahi kupandishiwa bei na mdomo wake mwenyewe naye atoe ushuhuda, nisibaki peke yangu. Nikichelewa kujibu mjue nakunja sambusa. Ndiyo adhabu niliyopewa, na sijathubutu kuomba punguzo.