Kidole Gumba cha Fundi

Fundi wetu wa gari haamini macho, anaamini kidole gumba. Huchomoa kijiti cha kupimia oili, akasugua tone moja kati ya vidole huku amefumba macho, kama fundi cherehani anayepima kitambaa. "Weusi si ugonjwa, kaka. Dizeli ni kama mpishi wa kuni, masizi hayamkwepi. Oili ikianza kukwaruza, hapo ndipo uogope." Nikamwambia kitabu cha gari kinasema oili ibadilishwe kila kilomita elfu kumi. "Kitabu kiliandikwa gari likiwa kijana. Mzee huyu mbadilishie kila elfu tano, na vumbi likizidi usingoje hata hizo."

Siku ya kumpeleka mama kwenye matibabu, safari ya mbali, nilipita naye kumwomba fundi tuahirishe kubadilisha oili mpaka nirudi. Alisugua tone lake, akatikisa kichwa, akaacha chai yake ipoe. Oili chafu ikichuruzika, alinawa mpaka viwikoni, akakunja koti lake safi likawa mto wa mama kwenye kiti cha nyuma. "Pumzika, mama. Mzee akishiba, mtafika." Tulifika, na tukarudi salama. Siku hizi mama akinipigia simu, hata salamu hazijaisha, huuliza: "Gari umelipeleka kwa yule mwanangu?"