Nilimshona Moyo Ili Alipe Dume la Wanawake

Mgonjwa wa kitanda namba sita alinishika mkono akasema, "Binti, moyo wangu nakukabidhi wewe."

Hakujua kwamba nimemchukia tangu nina miaka kumi na moja.

Mimi ni daktari wa upasuaji wa moyo. Nimezaliwa Balangdalalu, Hanang, kwa Wabarbaig. Mwaka 2016 nilikuwa kwenye hospitali moja kubwa Dar, bado najifunza chini ya Dokta Gerald. Asubuhi hiyo nikafungua faili, nikasoma jina: Gidahosh. Anatoka Hirbadaw.

Nikainua macho. Kovu la kwenye nyusi lilikuwa palepale.

Nikasema kimoyomoyo, mzee, leo umeyatimba.

Nikampa shikamoo kwa sababu tu ni mkubwa kwangu.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mwaka 1992, Hanang ikiwa bado mkoa wa Arusha, huyu bwana alikuwa mume wa dada yangu Fabiola. Dada alikuwa na siku nne tu tangu ajifungue. Kwetu mzazi wa siku nne haguswi, hata kwa maneno makali. Gidahosh alirudi amelewa, akampiga kofi la sikio huku dada amepakata kichanga.

Sikio hilo halijasikia mpaka leo.

Wanawake wakakaa kikao chao, kile ambacho wanaume hawasogelei. Wakahukumu: alete dume jeusi, aliswage mwenyewe kwa miguu, wanawake walile.

Akacheka. Akakusanya mifugo yake yote akahamia Hirbadaw.

Sasa basi, valvu ya upande wa kushoto wa moyo wake ilikuwa hoi. Kipande kimoja kimekakamaa, kingine nyuzi zinazokishika zimekatika. Kila moyo ukipiga, damu inarudi ilikotoka.

Dokta Gerald akaniita tuangalie picha.

"Kuirekebisha ni kazi ndefu, na inaweza kutukatalia mezani," akasema. "Kuweka ya chuma ni haraka. Wewe unapajua kwao. Ungeamua nini?"

Hapo ndipo shetani aliponipitia.

Chuma kinataka dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku mpaka kufa, na damu ipimwe mara kwa mara. Mtu anayehamahama na ng'ombe nyikani, nani atampima? Dozi ikipungua, damu inaganda kwenye chuma. Ikizidi, anavuja damu mpaka basi. Ningesema "chuma", wakubwa wangesaini, halafu umbali wa Hirbadaw ungemaliza kazi. Hakuna ambaye angeninyooshea kidole.

Nililitaka hilo. Sitawadanganya.

"Au ile ya utando wa moyo wa ng'ombe?" Dokta akauliza.

"Itachakaa, tutamfungua tena."

Moyoni nikawaza: wanawake aliwanyima ng'ombe, leo nimwekee ng'ombe kifuani bure?

Na wazo hilo la ng'ombe ndilo lililonigeuza. Maiti haiwezi kuswaga dume.

"Turekebishe," nikasema.

Saa ya tatu ya upasuaji tukajaza maji ndani ya moyo kuipima valvu. Ikavuja.

"Weka chuma tutoke," akasema Dokta Gerald. "Amekaa kwenye mashine ya kusukuma damu muda mrefu."

"Nipe dakika ishirini, dokta."

"Ni ndugu yako huyu?"

"Hapana. Simpendi hata kidogo."

Akanitazama juu ya barakoa, kisha akanisogezea sindano. Nikaongeza uzi mmoja, nikaufupisha kidogo. Tukajaza maji tena. Halikupita hata tone.

Siku ya kumruhusu nikaongea naye kwa Kibarbaig.

"Mimi ni mdogo wake Fabiola. Moyo nimekushonea. Baada ya miezi sita utaweza mwendo mrefu. Dume unajua pa kulipeleka."

Akaangalia sakafu. Hakuuliza dume gani.

Alipotuma taarifa kwamba analeta dume Balangdalalu, nikaomba likizo. Nilitaka nimwone akidhalilika kwa macho yangu.

Alifika na vumbi mpaka magotini, dume jeusi mbele yake. Wanawake zaidi ya sitini wamekaa. Akaweka fimbo chini akasimama mbali, hajui mikono aiweke wapi. Jamani, nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia.

Nyama ikaliwa. Mama Helena, mkubwa wa kikao, akachukua siagi akampaka kifuani, juu kabisa ya kovu nililoliacha mimi. Akatangaza kwamba amesafika.

Uvumilivu ukanishinda. "Kwanza aseme alivyomharibia dada sikio."

Wanawake wote wakanigeukia.

"Msomi, umesahau?" akasema Mama Helena. "Dume likishaliwa, kosa limeliwa. Anayelitaja tena analipa yeye."

"Nalipa nini, mama?"

"Debe la asali."

Fabiola alikuwa amegeuza sikio lake zima asikose neno. Akacheka mpaka akashika mbavu. Gidahosh akaokota fimbo yake akaondoka taratibu, anapumua vizuri kabisa.

Ndugu msomaji, kabla hujamlipisha mtu, jiulize akimaliza kulipa wewe utabaki na nini. Mimi likizo yangu yote iliishia kutafuta asali Hanang nzima, kiangazi, mizinga ikiwa mitupu.