Mabao Thelathini na Moja Yasiyo Yangu

Dirisha la usajili likifunguliwa Ulaya, baba yangu huacha kulala mchana. Hapa Colonia Berreta, mji wetu mdogo wa Argentina, kuanzia saa saba hadi saa kumi hata mbwa hawabweki, maduka yamefungwa na mapazia yameshushwa. Yeye peke yake hukaa jikoni kando ya jiko la kuni, kibuyu cha mate, ile chai yetu chungu ya majani, mkono mmoja, simu mkono wa pili, redio ikinong'ona mezani, akimsaka Ulises Gaido.

Ulises ni winga wa kushoto, yuko Ureno, na kila mwezi wa saba lazima avumishwe kwamba anahama. Mwaka juzi alikuwa anakwenda Uingereza, na mwaka jana ikawa Uhispania, tena mkewe alishaonekana akiangalia nyumba. Hakwenda kokote. Baba hakati tamaa. Ulises akifuta picha ya jezi kwenye ukurasa wake, hiyo ni dalili. Akikosa mazoezi kwa sababu ya mafua, hakuna mafua, anajificha asiumie kabla ya kusaini.

"Safari hii ni kweli," aliniambia mwezi wa saba huu. "Kuna mwandishi wa Genova kaandika kwamba wakala wake kaonekana hotelini, anakula na Waitaliano."

"Wakala naye ana tumbo, baba."

"Wewe cheka tu," akasema, akarudi kwenye simu yake.

Nitasema wazi ili tusisumbuane: namwonea wivu Ulises Gaido. Sio kwa miguu yake, wala kwa gari lake, wala kwa nyumba yenye bwawa ambayo baba ameihifadhi kwenye simu kama picha ya mjukuu. Namwonea wivu kwa sababu ya baba. Najua ni aibu kwa mtu wa miaka ishirini na minane, fundi wa kuchomelea mwenye karakana yake na deni lake mwenyewe. Wivu hauulizi umri.

Baba anaitwa Osmar Pagliero. Alifanya kazi kiwanda cha jibini miaka thelathini na minne, zamu ya alfajiri, na akitoka alikwenda moja kwa moja uwanja wa Sportivo, klabu yetu, na gunia la mipira begani, mikono ikinuka maziwa yaliyoganda. Alifundisha watoto wa mji huu bila kulipwa hata peso. Hajui kuogelea, hajui kucheza dansi, na Buenos Aires amefika mara moja tu, kutolewa mawe ya nyongo. Anachokijua ni kumtambua mtoto mwenye mguu. Alikuwa anawatazama wakishuka kwenye baiskeli. Mguu, kwa maneno yake, huonekana kabla ya mpira. Mimi nimeshuka kwenye baiskeli mbele yake miaka yote ya utoto wangu, na hakuwahi kusema kitu.

Ulises alikuwa mtoto wa Unión, klabu ya ng'ambo ya reli. Mwaka 2009, tulipokuwa na miaka kumi na miwili, aligombana na kocha wao, akavuka reli peke yake na viatu vyake kwenye mfuko wa mkate, akamwomba baba amchukue. Baba alimwona anavyoshuka kwenye baiskeli na hapo hapo moyo wake ukanaswa. Lakini Unión walikataa kutoa ruhusa ya kuhama, na bila ruhusa mtoto hukaa nje msimu mzima. Baba hakuweza kulivumilia hilo. Jioni ile, mama akipakua supu, akachukua kadi yangu ya ligi kwenye droo.

"Tunaiazima tu," akaniambia. "Wewe hata hupendi kucheza."

Ilikuwa kweli na haikuwa kweli. Nilipenda sana kucheza. Nilichochukia ni kutazamwa na yeye nikicheza, maana uso wake ulikuwa hausemi uongo.

Basi msimu mzima, kila Jumamosi, kwenye karatasi ya mechi iliandikwa Darío Pagliero, jezi namba kumi na moja, na aliyevaa jezi hiyo ni Ulises. Picha ya kadi ilikuwa ndogo na imefifia, na waamuzi wa Jumamosi walikuwa na haraka ya kwenda kula nyama ya kuchoma. Mimi nilibeba ndoo ya maji. Pembeni baba alipaza sauti hadi mishipa ikamtoka shingoni: Darío, panda! Darío, mguu wa kushoto! Vizuri sana, Darío! Mechi za mwanzo niligeuka kila alipoita. Baadaye nikajifunza kutogeuka.

Ulises akafunga mabao thelathini na moja. Tukachukua ubingwa wa wilaya, na viongozi wa ligi wakaja wenyewe na kibao cha shaba kilichoandikwa: Mfungaji bora, Darío Pagliero, mabao 31. Ungefanyaje? Kikapigiliwa ukutani kwenye baa ya klabu, juu ya friji la soda. Mwaka uliofuata klabu kubwa ya Rosario ikamchukua Ulises, naye akaenda zake na jina lake. Langu likabaki ukutani.

Mji mzima unajua. Ndiyo raha yao. Miaka kumi na sita sasa, nikiingia kunywa kitu, lazima atokee mmoja wa kuniambia, "Mfungaji bora, hebu nisogezee chumvi." Wakati wa kucheza karata nikitupa karata mbaya, huniuliza kama hiyo niliipiga kwa mguu wa kushoto. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Sawa, lakini mimi ndiye niliyeazimisha, na matako yaliyobaki nje ni yangu.

Mwezi wa nane, uvumi ukawa kweli. Waitaliano walimnunua Ulises, akapigwa picha ameshika skafu, na kengele ya kanisa ikalizwa na mtu ambaye mpaka leo padri anamtafuta. Ikumbukwe kwamba kwetu usajili wa aina hii si habari ya redioni tu. Mchezaji akiuzwa nje, kila klabu iliyomlea tangu akiwa na miaka kumi na miwili hupata fungu. Ni fungu dogo huko kwao, lakini kwa klabu kama yetu ni taa za uwanja na vyumba vya kubadilishia nguo vyenye maji ya moto. Ndiyo maana hata bibi wasiojua mpira ni nini hufuata tetesi za usajili.

Mwenyekiti wa Sportivo ni Mirta Zanuttini, mwalimu mstaafu aliyetufundisha sote kuandika. Alikuja nyumbani na karatasi na uso wa mtu aliyefiwa. Kwenye kumbukumbu za chama cha mpira, mwaka 2009 Ulises Gaido ni mchezaji wa Unión. Fungu la mwaka ule linavuka reli.

Kana kwamba haitoshi, redio iliyokuwa mezani ikamleta kocha mzee wa Unión, anahojiwa na watu wa Rosario. Alisema yeye ndiye aliyemfundisha Ulises kila kitu, hata kufunga kamba za viatu. Akasema nyota njema huonekana asubuhi, na asubuhi ile yeye ndiye aliyekuwa macho.

Baba akazima redio. Sijawahi kumwona akizima redio mwezi wa usajili. Akaweka kibuyu chini, akakichukua, akakiweka tena. Nilimtazama akiumwa na wivu, ugonjwa wangu wa miaka yote, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Mirta akatueleza kinachotakiwa. Kwanza, mimi nitoe tamko mbele ya hakimu wa mji kwamba aliyecheza kwa kadi yangu si mimi. Pili, upatikane ushahidi wa maandishi wa wakati ule ule. Ligi ikikasirika itachukua kombe. Na ilichukue, lina kutu. Mwisho ni Ijumaa.

"Ukisaini, Darío, kibao kinashuka," akasema. "Usiposaini, Unión wanajenga kwa mwaka ambao mtoto hakuwagusia mpira."

Ungedhani ningenyakua kalamu. Kibao kile nimekichukia tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Lakini nilipoambiwa kinashuka, roho ilinikereketa. Huyu bwana amechukua Italia, amechukua Ureno, amechukua sauti ya baba, na sasa anataka na shaba yangu. Nikasema nitafikiria.

"Cha kufikiria ni nini?" baba akauliza Mirta alipoondoka.

"Ulikuwa na mtoto mwaka mmoja tu katika maisha yako, baba. Na hakuwa mimi."

Alikwenda kwenye sinki akaosha kibuyu ambacho kilikuwa kisafi.

Ushahidi wa maandishi ulikuwepo, na mimi nilijua ulipo. Baba aliandika daftari kila msimu: nani kaja mazoezini, nani kachelewa, nani kafunga. Madaftari hayo yako kwenye boksi la jibini juu ya kabati. Jumatano, yeye akiwa klabuni, nilipanda kiti nikalishusha. Sitaficha nia yangu: jiko lilikuwa linawaka na mlango wake ulikuwa wazi.

Kabla ya kulitupa, nikalifungua daftari la 2009. Darío kafunga mawili. Darío kachoka, nimpumzishe kipindi cha pili. Darío ana mguu wa kushoto ambao sijauona tangu nizaliwe. Ukurasa baada ya ukurasa. Jina la Ulises halikuwemo hata mara moja. Hata humo, kwenye daftari lake mwenyewe ambalo hakuna mwamuzi ambaye angelisoma, alimwita mtoto wa watu kwa jina langu. Nilijaribu kuendelea kusoma, nikashindwa, nikalifunga. Sikulichoma tena. Niliona kuna adhabu nzuri zaidi ya moto.

Ijumaa asubuhi tulikutana kwenye baa ya klabu: Mirta, hakimu wa mji na muhuri wake, baba aliyevaa koti la harusi na mazishi, na mimi. Kibao kilikuwa kinatutazama juu ya friji. Nikalitupa daftari mezani.

"Haya, mwalimu, ushahidi wenu huo," nikasema. "Darío, Darío, Darío. Kwa mwandiko wa kocha mwenyewe. Kwa hiyo mabao ni yangu, na kama mnataka, nitawaonyesha na mguu."

Mirta akapekua kurasa tano, sita, akavua miwani. Akamtazama baba vile alivyokuwa akitutazama sisi tukija bila kazi ya nyumbani. Baba aliinamisha kichwa. Mirta akasema, kwa sauti ya kuchoka, kwamba hata hivyo asome lile tamko, huenda likatosha. Akasoma: mimi, Darío Pagliero, natamka kwamba msimu wa 2009 sikucheza mechi hata moja.

"Si kweli," baba akasema. "Alicheza moja."

Wote tukamgeukia. Mimi nilidhani ameisahau. Sijawahi kumtajia mtu yeyote mechi ile, na yeye hakuwahi kunitajia.

Alivuta daftari, akalamba kidole, na hakutafuta. Alilifungua pale pale palipotakiwa, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake gizani. Ukurasa ulikuwa umelegea kwenye uzi kwa kufunguliwa sana. Akamsukumia Mirta, na Mirta akausoma kwa sauti, kwa lafudhi yake ya darasani:

"Septemba 12, ugenini. Darío hayupo, ana matumbwitumbwi. Kacheza mwanangu. Dakika zote, kushoto. Tumefungwa tatu bila. Hakulia."

Hakimu akasogea, akausoma mwenyewe. Akasema ukurasa mmoja, mkono wa kocha, tarehe ile ile, na watu wawili tofauti: Darío mgonjwa, na mwana aliyecheza. Na Osmar Pagliero hana mwana mwingine. Akasema hicho kinamtosha, akapuliza muhuri wake. Mirta alichukua kalamu, akafuta maneno "hata moja", akaandika juu yake "isipokuwa moja", akanisogezea karatasi.

Baba hakunitazama. Alikuwa anatazama nje, uwanjani, ambako hakukuwa na mtu.

Nikaishika kalamu. Septemba 12 naikumbuka vizuri kuliko wanavyodhani. Jezi ilinifika magotini. Mpira ulinipita mara nyingi kiasi kwamba wazazi wa upande wa pili waliacha kucheka wakaanza kunihurumia. Mwisho wa mechi nilikwenda nyuma ya choo cha wageni, nikaegemea ukuta, nikalia hadi kamasi. Baba alitokea kwenye kona. Aliniona wazi, hatua tatu hazikufika. Akageuka, akanipa mgongo, akaanza kuhesabu mipira kwenye gunia, na alipomaliza akaimwaga chini yote, akaihesabu upya, mpaka nikawa nimenyamaza.